Nyumba ya mzungu kwenye shamba la guka: historia yake hutafutwaje?

*"Guka (babu yetu) alinunua shamba huku Kinangop mwaka wa 1965 au hapo karibu. Katikati ya shamba pana nyumba ya mawe ya mzungu, paa la mabati yaliyopakwa rangi nyekundu, dohani mbili, na jiko lililojitenga nyuma. Majirani wana chini ya ekari 30. Sisi tulikuwa na karibu 100 kabla ya watoto wa guka kugawana kwa maneno. Wazee husema ilijengwa na kaburu aliyekuja na magari ya ng'ombe, na kwenye dohani moja pamechongwa 1928. Tunataka kuirekebisha na kuandika historia yake, lakini wajomba wawili wanaogopa. Wanasema tukianza kuulizauliza, wajukuu wa mzungu watarudi na karatasi ya miaka 999, au serikali itaichukua iwe makumbusho. Jina la mzungu hatulijui. Tuanzie wapi?"*

Nianze na hofu ya wajomba, maana isipotulizwa hakuna mtu nyumbani atakayekubali kutoa karatasi kabatini.

Miaka 999 si hadithi ya kutunga. Sheria ya Ardhi za Mfalme ya 1902 iliruhusu mlowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 99. Ile ya 1915 ikapandisha hadi 999. Lakini mashamba ya Kinangop, katika Nyandarua ya leo, yaliyogeuzwa makazi katika miaka ya 1960 yalinunuliwa kwanza na serikali, chini ya mpango wa Ekari Milioni ulioanza 1962. Mlowezi alilipwa, akatia sahihi ya kuhamisha haki yake kwa Wadhamini wa Mfuko wa Makazi, na Wadhamini hao wakawauzia watu kama guka wenu kwa mkopo wa kulipwa kwa miaka 30. Haki iliyouzwa na kulipiwa haimrudii mjukuu kwa sababu amepata nakala ya zamani kwenye sanduku la babu yake huko Uingereza. Isitoshe, kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99.

Na makumbusho je? Nyumba haiwi mali ya urithi wa taifa kwa kuwa kuukuu tu. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, ni lazima waziri atoe tangazo katika Gazeti Rasmi, na mwenye mali ana haki ya kupinga. Tangazo hilo likitoka halimnyang'anyi mtu hati; humwekea masharti ya kubadilisha au kubomoa jengo. Kuulizia historia ya nyumba yenu hakuanzishi lolote kati ya hayo.

Hatari iliyo karibu nanyi iko kwenye neno moja la swali lako: *kwa maneno*. Ikiwa hati bado iko kwa jina la marehemu guka na mirathi haijafunguliwa mahakamani, hapo ndipo shamba na nyumba vinaweza kuingia matatani, na atakayewaingiza huko ni mtu wa ukoo, si mzungu. Mwoneni wakili kuhusu hilo kabla ya kununua mfuko mmoja wa chokaa.

Sasa tuje kwenye nyumba. Kuna mambo mawili mnayoyachukulia kuwa hakika nami ningeyaweka pembeni kwanza.

La kwanza ni "kaburu". Asili yake ni Mwafrikana, yaani mzungu wa Afrika Kusini mwenye asili ya Kiholanzi, na ni kweli Waafrikana walikuja na magari ya ng'ombe, wengi wao wakielekea Uasin Gishu kuanzia 1908. Lakini kwenye mashamba neno lilitanuka hadi likamaanisha mzungu yeyote mwenye shamba. Kinangop palikuwa na Waingereza wengi, wakiwemo askari waliogawiwa mashamba kwa bahati nasibu Nairobi mwaka 1919 baada ya Vita Kuu. Mkianza kutafuta majina ya Kiafrikana mnaweza kupoteza mwaka mzima.

La pili ni 1928. Mwaka uliochongwa kwenye dohani ni wa dohani. Huenda nyumba ni ya zamani zaidi na dohani ikajengwa upya, au mtu alichonga mwaka aliooa. Vivyo hivyo, mtu anayekumbukwa si lazima awe ndiye aliyejenga. Mfano mnaoujua ni nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmark, huko Nairobi. Wageni wengi hutoka pale wakiamini aliijenga yeye. Iliyojengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, ilikuwapo kabla Karen hajatia mguu Kenya. Yeye na mumewe waliinunua 1917. Aliondoka 1931, shamba likakatwa viwanja vya ekari 20, nyumba ikapita mikono mingine, serikali ya Denmark ikainunua 1964 na kuitoa zawadi kwa Kenya huru. Ilikuwa sehemu ya chuo cha lishe kabla ya kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1986. Mtu aliyeishi humo miaka 14 ndiye aliyebaki vinywani, na aliyeijenga akasahaulika. Yenu nayo huenda ilipitia mikono mitatu kabla ya guka.

Kwa hiyo msianze na jina la mzungu. Anzeni na namba ya ardhi, kisha mrudi nyuma hatua kwa hatua kutoka kwa guka. Jina litajitokeza lenyewe, na litakuja na tarehe.

Kabatini tafuteni barua ya mgao wa kiwanja, risiti za kulipa mkopo wa makazi, na hatimiliki. Msidanganywe na tarehe ya hati. Viwanja vingi vya makazi vilipata hati baada ya mkopo kumalizika au kusamehewa, kwa hiyo hati ya 1989 inaweza kuwa ya shamba lililokaliwa tangu 1965. Barua ya mgao ndiyo yenye tarehe ya kweli, na mara nyingi ndiyo karatasi dhaifu kuliko zote. Ipigeni picha leo, mbele na nyuma.

Zile ekari 100 nazo zinasema jambo. Katika mipango ya makazi, eneo lililozunguka nyumba ya mlowezi mara nyingi halikukatwa vipande vidogo. Liliachwa kama kiwanja kikubwa cha takriban ekari 100, kilichoitwa kiwanja cha Z, kikauzwa kwa mtu mwenye uwezo au mwenye nafasi ya uongozi. Ikiwa guka alipata hicho, kuna faili yake, na ndani yake huenda kuna hesabu ya majengo yaliyokuwapo siku ya kukabidhiwa: nyumba, ghala, josho la ng'ombe, tangi. Orodha hiyo ina thamani kubwa, maana inaonyesha nyumba ilivyokuwa wakati mzungu anatoka.

Mkiwa na namba ya kiwanja, nendeni masjala ya ardhi ya kaunti mkaombe upekuzi rasmi na nakala ya kadi ya kijani. Kadi itaanzia miaka ya 1960 tu na itawataja Wadhamini wa Mfuko wa Makazi kama mmiliki wa kwanza. Wengi hufika hapo wakadhani njia imefungwa. Haijafungwa. Kadi hiyo ni daftari jipya lililofunguliwa shamba lilipokatwa. Daftari la zamani liko Nairobi chini ya namba nyingine, ile ya L.R. (Land Reference, namba ya ardhi ya zamani) ya shamba zima la mlowezi. Ili kuipata, ombeni kwa Idara ya Upimaji iliyoko Ruaraka ramani ya mpango wenu wa makazi pamoja na ramani ya mashamba iliyotangulia. Kiwekeni kiwanja chenu juu ya ramani ya zamani. Mto, barabara kuu na reli havikuhama, vitumieni kuoanisha. Mpima ardhi aliyesajiliwa hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi, na ni heri kumlipa kuliko kukisia na kufuatilia shamba la jirani.

Mkishapata namba ya L.R., ombeni upekuzi katika masjala kuu ya Nairobi. Hapo ndipo majina yalipo: nani alipewa, lini, alimuuzia nani, kwa kiasi gani, aliweka rehani wapi. Someni rehani kwa makini. Mlowezi aliyekopa benki kwa dhamana ya shamba mara nyingi alikuwa anajenga au anazama, na tarehe hutofautisha. Mkopo wa miaka ya 1931 hadi 1935, wakati bei za mazao zilikuwa zimeanguka na Benki ya Ardhi na Kilimo ndiyo kwanza imeanzishwa, huenda uliokoa shamba, si kujenga nyumba ya mawe. Mkopo wa katikati ya miaka ya 1920 au baada ya 1945 unaelekea zaidi kwenye ujenzi. Kumbukeni pia kwamba ukodishaji wa serikali ulikuwa na sharti la kuendeleza ardhi, kwa hiyo nyumba ya kwanza, hata ya udongo na nyasi, kwa kawaida ilifuata miaka michache tu baada ya kugawiwa.

Jina likishapatikana, lipelekeni kwenye Gazeti Rasmi la serikali, linalotoka tangu 1899. Sehemu yake kubwa sasa inapatikana mtandaoni na inatafutika kwa neno. Matangazo ya mirathi, leseni, orodha za wapiga kura na za wazee wa mahakama yatawaonyesha mtu alipokuwa mwaka kwa mwaka. Kisha nendeni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Kosa la kawaida pale ni kuomba faili za Nyandarua za mwaka 1930. Wilaya ya Nyandarua iliundwa 1963! Kabla ya hapo ombeni Naivasha, katika mkoa wa Bonde la Ufa. Ripoti za mwaka na ripoti za kukabidhiana za maafisa wa wilaya hutaja mashamba, magonjwa ya mifugo, barabara, na migogoro ya wafanyakazi.

Hayo yote ni ya karatasi. Nyumba yenyewe nayo ni ushahidi, na huo ndio mtakaouharibu siku ya kwanza mkianza kukarabati bila kupima. Kwa hiyo kabla ya kung'oa hata msumari, pigeni picha pande nne za nje, kila ukuta wa ndani, na darini. Pimeni kila chumba kwa futikamba, na pimeni unene wa kila ukuta penye mlango. Choreni ramani kwenye karatasi ya miraba, sentimita moja kwa mita moja. Unene ukibadilika ghafla, kwa mfano kutoka sentimita 45 hadi 20, hapo pana uwezekano mkubwa kuwa chumba kiliongezwa. Pandeni darini na tochi: ukiona ukuta uliopakwa rangi juu ya siling'i, au mabati ya zamani yaliyofunikwa na paa jipya, ule ulikuwa ukuta wa nje.

Mabati yageuzeni upande wa chini. Yale ya kuagizwa yalipigwa mhuri wa mtengenezaji kwa wino, na pale bati moja linapolalia jingine mhuri haufifii. Viwanda vya hapa vilianza kuzalisha mabati miaka ya 1960, kwa hiyo mhuri wa Uingereza unaelekeza kabla ya hapo. Angalieni skrubu za bawaba: yenye ufa mmoja kichwani inaweza kuwa ya mwaka wowote, lakini yenye msalaba haikuwapo kabla ya miaka ya 1930. Skrubu hubadilishwa, tazameni zile za milango ambayo haitumiki. Mbao za nguzo zikiwa nyekundu, zenye harufu ya penseli, na mchwa hawajazigusa, ni mtarakwa wa msitu wa Nyandarua, na walowezi wa mwanzo waliupasua pia kuwa vigae vya paa. Kama chini ya mabati mnakuta misumari midogo iliyopangwa karibu karibu kwenye vipapi, paa la kwanza huenda lilikuwa la vigae vya mti.

Kwenye mianya kati ya mawe, kwaruzeni kwa msumari mahali pasipoonekana. Mota, yaani kinachoshikanisha mawe, ikiwa ya udongo hulainika ukiilowesha. Ya chokaa huvunjika kuwa unga mweupe. Ya saruji hukataa msumari. Saruji ya zamani ilikuwa ya kuagizwa na ya bei. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha 1954. Ukuta mzima uliojengwa kwa saruji ngumu katika nyumba inayodaiwa kuwa ya 1910 unahitaji maelezo.

Ushahidi wa tatu upo Ruaraka pia: picha za angani. Ndege za jeshi la Uingereza zilipiga picha za sehemu kubwa ya Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Katika picha hizo paa la nyumba yenu litaonekana kama kijiti, pamoja na ghala, josho, na jambo ambalo karatasi za mlowezi hulipita kimya: safu za vibanda vya wafanyakazi.

Hapa nataka kukaa kidogo. Historia ya nyumba kama hii ikiandikwa kwa majina ya wenye hati peke yao, imeandikwa nusu. Kinangop ilikuwa malisho ya Wamaasai kabla ya mkataba wa 1904 kuwahamisha. Mawe yale yalichongwa na kubebwa na watu ambao masjala haiwataji. Sheria ya 1918 ilimtaka mkazi wa shamba la mzungu amfanyie kazi si chini ya siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima kipande na kufuga. Kuanzia 1920 mwanamume Mwafrika alivaa kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni, na ndani yake mwajiri aliandika jina lake, tarehe ya kuajiri na ya kuachisha. Kipande kimoja kilichohifadhiwa na familia ya mpishi kinaweza kuwapa jina la mwenye nyumba bila kwenda Nairobi.

Watafuteni wazee, lakini si wa Kinangop pekee. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, familia nyingi za Kikuyu ziliondolewa kwenye mashamba ya wazungu, na wengi hawakurudi. Walibaki Murang'a, Kiambu, Nyeri. Majirani wenu wa sasa wengi walikuja 1963 na kuendelea, kwa hiyo wanachosimulia kuhusu mjenzi wa nyumba wamekisikia pia. Mkimpata mzee aliyezaliwa shambani pale, msimuulize "ilikuwa mwaka gani". Muulizeni alitahiriwa na riika (rika) gani, na wakati huo jiko lile la nyuma lilikuwapo au halikuwapo. Tembeeni naye shambani akionyesha kwa mkono, na mrekodi sauti. Muulizeni jina ambalo wafanyakazi walimwita mzungu; la kwenye hati wengi hawakulijua kamwe.

Na mwandikeni guka. Yeye ndiye mwanzilishi wa familia yenu pale, na mambo yake ndiyo yanayopotea upesi kwa kuwa kila mtu anadhani yanajulikana. Ng'ombe wa kwanza alinunua wapi, pareto aliuza kwa nani, nani alilala chumba gani, ni ukuta gani aliuvunja yeye. Shosho (bibi yenu) akiwa hai, anzeni naye wiki hii.

Kuhusu ukarabati nitasema machache. Kosa linaloua nyumba za mawe laini ya volkano ni kujaza mianya kwa saruji. Ukuta wa aina hii hunywa mvua na kuitoa tena kupitia mota iliyo laini kuliko jiwe. Ukiziba mianya kwa saruji ngumu, maji hutafuta kutokea kwenye jiwe lenyewe, na uso wa jiwe huanza kubanduka baada ya misimu michache. Tumieni chokaa kipimo kimoja kwa mchanga safi vipimo vitatu, chokaa ya mfuko ikiwa imelowekwa tangu jana yake. Kwangueni mota iliyokufa hadi kina cha kama sentimita mbili na nusu, lowesheni mawe, jazeni, kisha mfunike kwa magunia yenye unyevu karibu wiki nzima. Msifanye kazi hiyo siku za jalidi: baridi kali ya usiku huko Kinangop huvunja chokaa kabla haijashika. Ikingeni na jua pia.

Sakafu za mbao zikicheza, msibadilishe mbao kwanza. Zungukeni nje mtafute matundu ya hewa chini ya ukuta. Mara nyingi yamefukiwa na udongo wa bustani, na boriti za chini zinaoza kwa kukosa hewa. Shusheni udongo sentimita 15 chini ya tundu na mtengeneze mifereji ya paa. Hayo mawili huponya unyevu mwingi kuliko rangi yoyote.

Kuna mambo ambayo si ya kufanya wenyewe. Dohani iliyoinama au ukuta wenye ufa unaoingiza kidole, mwiteni mhandisi kabla ya kuwasha moto au kuegemeza ngazi. Kama sehemu ya paa au dari ni asbestosi, msiikate wala kuipiga brashi. Kuiondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Rangi ya zamani ya milango huenda ina risasi, kwa hiyo msiipige msasa ikiwa kavu, hasa penye watoto. Na kabla ya kubomoa ile jiko la nyuma, ambayo najua mtatamani kuibomoa, waandikieni Makumbusho ya Taifa mwombe mtu aje aitazame. Katika nyumba nyingi za aina hii jengo la nyuma ndilo la kwanza kujengwa: mlowezi aliishi humo akijenga kubwa, kisha akaligeuza jiko. Pimeni unene wa kuta zake na mkwaruze mota yake kabla ya nyingine zote.